Spinaka ipi ifaayo Ziwa Victoria: ya pande sawa au ya pande zisizo sawa?

Mbio za mashua za tanga hazisikiki sana katika taarifa za michezo mjini Kampala. Hata hivyo, kusini mwa jiji, huko Kaazi, ipo klabu ya mashua za tanga ya Victoria Nyanza. Entebbe nako kuna klabu yake, na ng'ambo ya ziwa, Kisumu na Mwanza zina vilabu vya namna hiyo. Anayenunua mashua ya kushindania, au klabu inayotaka kuwafunza vijana, hukutana na swali moja ambalo wauzaji wa matanga hulijibu haraka kupita kiasi: tanga la upepo wa nyuma liwe la umbo gani?

Jibu likikosewa, tanga la bei kubwa hubaki stoo likiliwa na panya, au, vibaya zaidi, vijana wawili hujikuta ndani ya maji kilomita kadhaa kutoka ufukweni, wingu jeusi likiwa linapanda upande wa kusini.

Tanga linalozungumziwa huitwa spinaka. Ni tanga kubwa la nailoni nyepesi, mara nyingi lenye rangi kali, linalotundikwa mbele ya mlingoti pale tu chombo kinapokwenda na upepo. Chombo kikigeuka kuukabili upepo, na kuanza kubisha huku na huku, spinaka hushushwa na kufungwa, na kazi hubaki kwa tanga kuu na tanga dogo la mbele. Lilianza kutumika Uingereza katika miaka ya 1860, na asili ya jina lake bado inabishaniwa.

Kwa miongo mingi lilijulikana hasa kwa umbo moja, la pande sawa. Likikunjwa katikati kutoka juu hadi chini, nusu ya kulia huilalia nusu ya kushoto bila kupishana. Pembe zake mbili za chini hufanya kazi kwa zamu. Ile iliyo upande unakotoka upepo, ambayo mabaharia wa pwani wangeiita goshi, hushikiliwa nje kwa mti uliofungwa kwenye mlingoti. Ile ya upande wa pili huvutwa kwa demani. Upepo ukihamia upande mwingine, goshi huwa demani na demani huwa goshi.

Spinaka ya pande zisizo sawa haina zamu hizo. Ukingo wake wa mbele ni mrefu kuliko wa nyuma, na kila pembe ina kazi yake ya kudumu. Pembe ya mbele hufungwa kwenye mlingoti wa maji, yaani ule mti unaochomoza kutoka omo kwenda mbele, na haiondoki hapo hadi tanga lishushwe. Umbo hili lilipata nguvu Australia katika miaka ya 1980, katika mashua nyepesi za futi 18 za Sydney, na jina la mbunifu Julian Bethwaite halitenganishwi na mageuzi hayo. Mwaka 1991 mashua ya Marekani iitwayo J/105, yenye mlingoti wa maji unaosukumwa nje na kurudishwa ndani, ililipeleka wazo hilo kwenye vyombo vizito zaidi.

Kwa msomaji aliyekulia pwani, jambo hili si geni kama linavyoonekana. Tanga la jahazi na la ngalawa halina pande sawa, na mabaharia wake wamejua kwa karne nyingi kwamba tanga lenye upande wa mbele na upande wa nyuma hupenda upepo wa ubavuni. Tofauti ni foromali. Chombo cha pwani kinapogeuza tanga, foromali lazima izungushwe mbele ya mlingoti, kazi inayotaka watu na nguvu. Katika spinaka ya pande zisizo sawa foromali haipo, na tanga hupita mbele lenyewe. Katika miaka ya 1870 wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wakiunda majahazi Ukerewe, kusini mwa ziwa hili hili, hivyo hata maneno ya kazi hii yalifika Nyanza zamani kuliko vilabu vya leo.

Hesabu ya njia ndefu

Ubishi wote kati ya matanga haya mawili unatokana na jambo moja. Spinaka ya pande sawa inaweza kukipeleka chombo moja kwa moja upepo unakoelekea. Isiyo na pande sawa haiwezi kufanya hivyo vizuri. Ikielekezwa huko, hujificha nyuma ya tanga kuu, hulegea na kuanguka. Lazima iende mshazari, kisha igeuze tanga na kurudi mshazari upande wa pili, hadi ifike kwenye boya.

Mshazari huo una gharama yake. Chukua kipande cha kilomita 1 kutoka boya la juu hadi boya la chini. Anayekwenda moja kwa moja hupita mita 1,000. Anayekwenda kwa pembe ya digrii 20 kutoka mstari huo hupita takriban mita 1,064, wa digrii 30 hupita mita 1,155, na wa digrii 40 hupita mita 1,305. Ikiwa wa kwanza anakwenda kilomita 8 kwa saa, atafika kwa dakika saba na nusu. Yule wa digrii 40 hatamfikia mpaka apite kilomita 10.4 kwa saa, na hapo bado hajahesabu muda anaoupoteza kila anapogeuza tanga.

Kwa nini basi mtu achague njia ndefu? Ni kwa sababu upepo unaohisiwa ndani ya chombo si ule unaohisiwa na aliyesimama ufukweni. Tuseme upepo wa kweli ni kilomita 18 kwa saa. Mashua inayokimbia nao moja kwa moja kwa kilomita 8 inaukimbia upepo wake yenyewe, na tanga lake linabaki na kilomita 10 tu za kufanyia kazi. Mashua iliyoingia mshazari kwa digrii 40, ikienda kilomita 11 kwa saa, huhisi karibu kilomita 12, tena zikitoka karibu na ubavuni. Ongezeko hilo linaonekana dogo, lakini nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo wake, hivyo kutoka 10 hadi 12 ni nyongeza ya zaidi ya asilimia 40. Zaidi ya hapo, upepo wa ubavuni huligeuza tanga kuwa kama bawa, ambalo huvuta chombo kwa kupitisha hewa juu ya mgongo wake. Spinaka inayosukumwa kutoka nyuma hufanya kazi zaidi kama mwavuli uliofunguliwa.

Jambo ambalo husahaulika ni uzito wa chombo. Mashua nzito huchimba wimbi lake yenyewe na kukwama ndani yake. Yenye mita 7 za urefu kwenye usawa wa maji hukutana na ukuta karibu na kilomita 12 kwa saa, na tanga kubwa zaidi huiinamisha tu bila kuiongezea mwendo. Mashua kama hiyo, upepo ukiwa wa wastani, haifaidiki na njia ndefu, na hapo spinaka ya pande sawa ndiyo yenye haki. Mashua nyepesi yenye tumbo bapa hupanda juu ya wimbi na kuteleza, na mara ikishaanza kuteleza, ile asilimia 30 ya njia ya ziada hulipwa na kubaki chenji.

Upepo ukiwa mdogo sana, kanuni hii huvurugika kidogo. Hata mwenye spinaka ya pande sawa hulazimika kuacha mstari ulionyooka na kwenda mshazari, kwa sababu tanga lisilopata hewa halisimami. Siku kama hizo anayeshinda mara nyingi ni yule anayekaa kimya ndani ya mashua na kuangalia maji, awe na tanga la aina yoyote.

Ziwa lenyewe lina la kusema

Vitabu vingi vya mchezo huu vimeandikwa kwa ajili ya bahari za kaskazini, na ushauri wake ukiletwa Kaazi unahitaji kupimwa upya. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10. Upepo wa kilomita 18 kwa saa hapa husukuma tanga kwa nguvu ambayo Mombasa ingetolewa na upepo wa kilomita 17. Si tofauti ya kutisha. Lakini kwa mashua iliyo kwenye kizingiti cha kuteleza au kutoteleza, kilomita 1 hiyo ndiyo inayoamua, na hivyo siku ambazo njia ndefu inalipa huku ni chache kuliko mwongozo wa muuzaji unavyoahidi.

Kisha kuna desturi ya upepo wa kaskazini mwa ziwa. Asubuhi mara nyingi maji hulala. Jua likishapasha nchi kavu joto, hewa ya ziwani huanza kuvutwa kuelekea ufukweni, na alasiri upepo huvuma kutoka upande wa kusini. Maana yake ni kwamba mshindani hubisha akitoka kwenda maji mapana, na spinaka hufunguliwa wakati wa kurudi, chombo kikielekea kwenye ghuba zinazozidi kuwa nyembamba, ambako vilima na miti huukata upepo vipande vipande. Katika maji ya namna hiyo anayehitaji nafasi ya kwenda mshazari hubanwa. Kila mara anapofika ukingoni hana budi kugeuza tanga, apende asipende.

Nao ukingo si mchanga mtupu. Kuna mafunjo, kuna gugumaji, ambalo limeisumbua Uganda tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kuna visiwa vya mimea vinavyoelea. Aprili 2020 kimoja kati ya visiwa hivyo kilisukumwa hadi kwenye bwawa la umeme la Jinja na kuzima taa karibu nchi nzima. Kwa mshindani, gugumaji linalonasa kwenye usukani huku spinaka imejaa upepo ni jambo la kuogopwa kuliko mpinzani yeyote. Chombo hakigeuki, na tanga haliachi kuvuta. Spinaka iliyoangukia majini karibu na mimea hiyo hurudi imechanika, au hairudi.

Kwa hiyo, kwa kuangalia maji peke yake, hoja inaelemea kwenye pande sawa: upepo wa kadiri, ghuba nyembamba, mstari ulionyooka hadi nyumbani. Laiti chombo kingejiendesha chenyewe, makala haya yangeishia hapa.

Mikono mingapi?

Kugeuza tanga kwa spinaka ya pande sawa ni kazi ya hatua kwa hatua. Mtu mmoja lazima asogee mbele karibu na mlingoti, auchomoe mti, aufunge kwenye pembe mpya, kisha aufunge tena kwenye mlingoti, wakati mwenzake anashika demani zote mbili na kuelekeza chombo kwa magoti. Kanuni za mbio haziruhusu miti miwili kutumika kwa pamoja ila katika muda wa kugeuza tu, hivyo hakuna njia ya mkato. Mabaharia waliofanya mazoezi pamoja kwa mwaka mzima huimaliza kazi hiyo kwa sekunde chache, na inapendeza kuiangalia. Waliokutana asubuhi hiyo hiyo huimaliza wakiwa wamelowa.

Kwa spinaka ya pande zisizo sawa, anayeshika usukani hugeuza chombo, demani ya zamani huachiwa, mpya huvutwa, na tanga huzunguka mbele. Mti hauguswi. Kamba zenyewe ni chache: henza ya kupandishia, kamba ya pembe ya mbele, na demani mbili. Mwanafunzi wa siku ya tatu anaweza kuelewa kila kamba inafanya nini.

Hatari zake pia zinatofautiana. Chombo kinachokimbia moja kwa moja na upepo mkali, kikiwa na spinaka ya pande sawa, huanza kuyumba kama pendulamu, kushoto na kulia, kila mara zaidi, hadi kiangukie upande wa upepo, upande ambao hakuna aliyeutarajia. Chenye pande zisizo sawa hushindwa kwa njia nyingine. Kipunga kikikipiga ubavuni huinama, usukani hutoka majini, na chombo hujigeuza chenyewe kuelekea upepo. Ajali ya pili ina kelele nyingi lakini kwa kawaida hutoa dalili mapema, na dawa yake ni moja: kuachia demani, kugeuza omo kufuata upepo, na kushusha tanga likiwa limejificha nyuma ya tanga kuu. Ajali ya kwanza haitoi muda huo kwa asiye na uzoefu.

Ukanda wa kaskazini mwa ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na dhoruba zinazojijenga juu ya maji wakati wa usiku zinaweza kuufikia ufukwe wa Uganda asubuhi. Kumbukumbu ya Novemba 2018, wakati mashua ya starehe ilipozama upande wa Mukono na watu zaidi ya 30 wakafariki, bado ni mbichi. Haikuwa mashua ya tanga, lakini maji ni yale yale, na wengi waliokuwamo hawakuvaa majaketi okozi. Chombo cha mafunzo kinapaswa kupimwa kwa swali hili: vijana wawili wenye hofu wanaweza kushusha tanga lao kubwa kwa muda gani? Hapo pande zisizo sawa hushinda bila ubishi, na kwa maoni ya ukurasa huu, kigezo hicho kina uzito kuliko mita zote zilizohesabiwa hapo juu.

Fedha na jua

Kubadilisha chombo cha zamani kutoka umbo moja kwenda jingine si sawa na kununua tanga jipya tu. Mlingoti wa maji unahitaji sehemu ya mbele ya chombo iimarishwe, kwa sababu mvuto wote wa tanga sasa uko nje ya omo. Mafundi wa mashua wa Ggaba na Entebbe wanaweza kazi ya mbao na faiba, lakini vifaa vidogo kama kapi na vibano vya kamba kwa kawaida huagizwa ng'ambo. Anayeanza na chombo kilichoundwa tangu mwanzo kwa umbo analolitaka hujiepusha na gharama hiyo.

Kwa umbo lolote, nailoni ina adui mmoja katika Ikweta. Jua huila. Spinaka inayoachwa wazi juu ya majani baada ya mashindano, ili wageni wapige picha, hufupishiwa maisha yake kila alasiri. Ikaushwe kivulini, isuuzwe matope, na isifungwe mbichi, maana ukungu wa stoo za ziwani hauna huruma.

Kanuni huamua kabla ya baharia

Mara nyingi uchaguzi huwa umekwisha kufanywa na mtu mwingine. Mashua za mashindano hupangwa kwa madaraja, na kila daraja lina kanuni zake za tanga. Mashua ya 470, iliyopewa jina hilo kwa urefu wake wa mita 4.70, ni ya pande sawa na imekuwamo katika Olimpiki tangu 1976. Fireball, iliyobuniwa na Peter Milne mwaka 1962, ni ya pande sawa pia. Mashua ya 49er ya Bethwaite, iliyoingia Olimpiki Sydney mwaka 2000, hubeba spinaka ya pande zisizo sawa yenye mita za mraba 38, ilhali tanga kuu na la mbele kwa pamoja hazizidi sana mita za mraba 21. RS Feva, inayotumiwa na watoto katika nchi nyingi, ni ya pande zisizo sawa. Laser, ambayo hubeba mtu mmoja, haina spinaka kabisa, na kwa klabu yenye fedha kidogo hilo si jibu la kudharauliwa.

Mwenye ndoto ya mbali azingatie jambo hili. Kenya ilipotuma mashua ya Flying Dutchman kwenye Olimpiki ya Roma mwaka 1960, na Anthony Bentley-Buckle wa Mombasa akiwa miongoni mwa mabaharia wake, spinaka ya pande sawa ndiyo iliyokuwa kawaida. Leo mambo yamegeuka. Katika mashindano ya Paris ya 2024, kati ya mashua nne za watu wawili, yaani 470, 49er, 49erFX na Nacra 17, ni 470 pekee iliyobaki na pande sawa. Lakini ni hiyo hiyo 470 iliyowafikisha Denise Parruque na Maria Machava wa Msumbiji kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021. Si chombo chenye kasi kuliko vyote, ila hakihitaji misuli ya kupindukia wala upepo mkali ili kishindaniwe vizuri, na mabaharia wenye miili midogo hukimudu.

Katika vilabu ambako mashua za aina mbalimbali hushindana pamoja, muda wa kila moja hurekebishwa kwa namba yake ya daraja. Anayebadilisha spinaka bila kuitaarifu kamati huifanya namba hiyo iwe ya uongo, na malalamiko yake huchukua jioni nzima. Kabla ya kuagiza tanga lolote, kanuni za daraja zisomwe hadi ukurasa wa vipimo, kisha fundi wa matanga apelekewe urefu halisi wa mlingoti uliopimwa kwa utepe, si ule ulioandikwa kwenye karatasi ya muuzaji wa kwanza.